Halipo, au Hujalitafuta?

Leo sileti stori za kafeteria wala za maji kukatika hosteli. Leo nina ugomvi na neno moja tu: HALIPO.

Kila aliyewahi kufuatilia alama zake analijua neno hili. Unafika dirishani, unaeleza shida yako kwa adabu zote: "Shikamoo mama, naomba kuangaliziwa CA yangu ya mwaka jana." Faili la Excel linafunguliwa, kipanya kinashuka mpaka chini, kinapanda mpaka juu, linafunguliwa la pili, uso unakunjwa, kisha hukumu inatoka: "Jina lako halipo." Siyo "sijaliona". Siyo "nimeangalia mawili, bado mengine". Halipo! Yaani kama vile hukusoma, hukufanya test, na pengine hata hukuzaliwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyeutaka arudi kwenye magrupu yake ya WhatsApp. Mtu hana haki ya kusema "halipo" kama hajatafuta kwenye mafaili yote. Na siku hizi kutafuta kwenye mafaili yote ni kazi ya dakika, siyo ya wiki. Anayefungua mafaili matatu kati ya mia nne halafu akasema halipo hajatoa jibu, ametoa tetesi. Na kwa tetesi hizo watu wanachelewa kuhitimu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumewapita wahenga: daftari lipo, tena la umeme, na mali inapotea humo humo ndani ya daftari.

Labda wewe uko mwaka wa kwanza unaona nakuza mambo. Haya, sikiliza. Kozi ikiwa na CA ya 40 na mtihani wa mwisho wa 60, CA ikikosekana matokeo hayakamiliki hata kama kwenye mtihani ulipiga bao. Matokeo yasipokamilika, bumu linaingia mashakani, na ukiwa mwaka wa mwisho jina lako linaning'inia wakati wenzako wanapima majoho. Wazazi nyumbani wanauliza "vipi mwanangu, mahafali lini?" Utawajibu nini? Kwamba uko ndani ya faili ambalo halijafunguliwa?

Kuna dada mmoja tunasoma naye. Simtaji jina, na ofisi siitaji, maana ugonjwa huu hauko ofisi moja. Kozi yake moja ya mwaka wa pili ilikuwa imekaa bila CA. Test zote alifanya, karatasi zilizosahihishwa anazo mkononi. Alipokwenda mara ya kwanza: halipo. Mara ya pili: njoo wiki ijayo. Mara ya tatu: muone mwalimu wa kozi. Mwalimu wa kozi: mimi nilishatuma, rudi kule kule. Mara ya nne akamkuta kijana wa field, mwanafunzi kama sisi, aliyepelekwa pale kujifunza kazi. Kijana alikuwa na programu ya kutafuta kwenye flashi yake. Akaomba ruhusa, akaielekeza kwenye folda kubwa ya mwaka ule, akaiacha isome mafaili yote, kisha akaandika namba ya usajili. Faili likatokea! Lilikuwa ndani ya folda ya kozi nyingine kabisa, linaitwa "Copy of CA final final 2". Jina la dada limo, ila limeanza la ukoo, na herufi moja imekosewa. Nusu muhula wa kupanda na kushuka ngazi, na alama ilikuwa kwenye kompyuta ile ile, juu ya meza ile ile.

Sasa tuseme ukweli upande wa pili pia. Tupige hesabu. Chukua kitivo chenye kozi 60 kila semista. Semista mbili ni 120. Miaka minne ni mafaili 480, hapo ukoo wa akina "copy of" hujauhesabu. Kufungua faili, kutafuta, kulifunga, tufanye dakika mbili kwenye kompyuta iliyochoka. Ni dakika 960, yaani saa 16. Siku mbili nzima za kazi kwa jina la mtu mmoja, bila hata kunywa chai! Hakuna binadamu atakayefanya hivyo kwa kila aliyeko kwenye foleni. Atafungua matatu, macho yatauma, atasema halipo. Kwa hiyo simgombezi mama wa dirishani. Ninachogombana nacho ni sisi wote kukubali kwamba hiyo ndiyo njia pekee iliyopo duniani.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kompyuta yenyewe nayo husema "halipo" kwa uvivu ule ule.

Mfano wa kwanza ni Ctrl+F ya Excel. Ukiibonyeza ukaandika jina, kwa kawaida inatafuta kwenye shiti ile uliyofungua tu. Faili lina shiti tano, moja kwa kila kundi la semina, wewe umesimama kwenye ya kwanza, inakwambia haijaona kitu. Unafunga unaondoka. Kumbe ukibofya Options, pale penye "Within" ukabadilisha "Sheet" kuwa "Workbook", inapita shiti zote. Mbofyo mmoja! Lakini hata hapo mwisho wake ni faili hilo hilo moja. La jirani hailigusi.

Mfano wa pili ni kile kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya folda kwenye Windows. Watu wanakiamini kama nabii. Lakini sehemu ambazo Windows haijaziorodhesha, mfano flashi na diski za kwenye mtandao wa ofisi, kwa kawaida hapo inaangalia majina ya mafaili tu, haiingii ndani. Sasa jina la mwanafunzi liko ndani, na nje faili limeandikwa kodi ya kozi. Litaonekanaje? Kwenye mipangilio ya folda, upande wa Search, kuna mstari unaosema "Always search file names and contents". Weka tiki hapo. Itakuwa taratibu, utanywa maji, lakini itasoma mpaka ndani.

Mfano wa tatu ni kwa ndugu zangu wanaojiona mafundi wa amri, wale wa findstr na grep. Mnaifyatua amri kwenye folda ya mafaili ya xlsx, haileti kitu, mnatangaza halipo. Faili la xlsx, aina iliyokuja na Excel 2007, ni furushi la zip. Maneno yamebanwa humo ndani, huyasomi mpaka ulifungue furushi. Ni sawa na kupapasa gunia kwa nje halafu ukaapa kwamba ndani hamna sindano.

Ongeza faili lililofungwa kwa paswedi, na karatasi ya alama iliyopigwa picha ikahifadhiwa kama picha. Hapo hakuna maandishi ya kutafuta, kuna rangi tu. Mnaona? Katika hali zote hizo mashine imesema haijaona, na sisi tukatafsiri kwamba hakipo. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoamua nani anavaa joho na nani anabaki hosteli.

Kwa hiyo tunafanyaje? Njia zipo, tena nyingi za bure. Kuna programu inaitwa DocFetcher, haiuzwi, unaielekeza kwenye folda, inasoma mafaili yote mara moja na kujitengenezea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Baada ya hapo kila swali linajibiwa papo hapo. Inasoma xls ya zamani, xlsx, hata ods ya LibreOffice. Wenye Excel 2016 na za baadaye wana Get Data, chaguo la From Folder: inakusanya mafaili yote ya folda moja yenye mpangilio unaofanana na kuyaweka kwenye jedwali moja, halafu unachuja. Wapenzi wa amri nao wasinune: LibreOffice inaweza kuyageuza mafaili yote kuwa csv kwa mpigo mmoja, ila angalieni, kwa kawaida inachukua shiti ya kwanza tu. Baada ya hapo findstr yenu itafanya kazi kama mchezo.

Na wala hili siyo jambo jipya la kutuzidi umri. Google Desktop ilitoka mwaka 2004, ikawa inatafuta ndani ya mafaili ya kompyuta yako mpaka ilipofungwa 2011. Zaidi ya miaka 20 dunia inatafuta ndani ya mafaili, sisi bado tunashuka na kipanya. Aibu hii ni yetu sote.

Programu peke yake haitoshi lakini. Lazima ujue unatafuta neno gani. Majina yetu yana mambo! Mohamed, Mohammed, Muhammad: mtu mmoja, tahajia tatu. Ramadhan na Ramadhani. Asha kwenye kitambulisho, Aisha kwenye cheti. Huyu kaandika jina la kwanza mbele, yule la ukoo. Mwingine kaweka nafasi mbili katikati ya majina, kwa macho huioni, kompyuta inaiona na kukataa. Ndiyo maana usiandike jina lote kama unaita shahidi mahakamani. Andika kipande kifupi ambacho hakina namna ya kukosewa. Bora zaidi, tafuta kwa namba ya usajili.

Na hata namba ina vituko. Excel ikiona 04512 inadhani ni hesabu, inakula sifuri ya mbele, inabaki 4512. Wewe unatafuta 04512, haipo. Ikiona kitu kinachofanana na tarehe inakigeuza kuwa tarehe. Tabia hiyo iliwasumbua wanasayansi wa jeni mpaka mwaka 2020 ikaamuliwa baadhi ya jeni zibadilishwe majina: MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa inaisoma kama tarehe 1 Machi! Kama jeni zimebadilishwa jina kwa ajili ya Excel, wewe na namba yako ya usajili mtasalimika vipi? Dawa ni kuipanga safu ya namba iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Wapo wataosema, "aah, hizi ni shida za kwetu huku tu." Hapana. Uingereza, mwaka 2020, katikati ya korona, taasisi yao ya afya ya jamii ilikuwa inapokea majibu ya vipimo na kuyapitisha kwenye faili la Excel la aina ya zamani, xls. Aina hiyo mwisho wake ni mistari 65,536. Mistari ikajaa, ya ziada ikaachwa nje kimya kimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuhesabiwa kwa wakati, na waliokaa nao karibu wakachelewa kutafutwa. Nchi tajiri, wataalamu wamejaa, na bado watu elfu kumi na tano walikuwa "hawapo". Lakini wenzetu walipogundua walisema wazi: tatizo ni faili, siyo wagonjwa. Huku kwetu tatizo huwa ni mwanafunzi. "Una uhakika ulifanya test wewe?" Kha!

Najua majibu ninayoletewa hoja hii ikitajwa. Nitayapitia.

"Si kuna mfumo wa matokeo mtandaoni?" Upo, na nashukuru upo. Lakini mfumo haulimi, mfumo unalishwa. Kabla alama haijaingia mtandaoni imekaa kwenye Excel ya mtu fulani, na ikipotelea hapo mfumo utakuonesha nafasi tupu kwa uaminifu mkubwa.

"Mwite mtu wa IT." Huyu mtu wa IT mmoja anasubiriwa na jengo zima, kuanzia printa iliyotafuna karatasi mpaka projekta isiyowaka. Kutafuta neno kwenye mafaili siyo kazi ya fundi. Ni kama kujua kutumia faharasa ya kitabu. Hatumwiti mkutubi atufungulie ukurasa wa 90.

"Alama ni siri, hatuwezi kuruhusu kila mtu atafute." Hapa nakubali nusu. Simtaki mwanafunzi aingie kwenye kompyuta ya ofisi kuchungulia za wenzake. Namtaka mwenye dhamana atafute, anioneshe mstari wangu peke yake. Siri isiwe pazia la uvivu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda siri ndiyo, lakini inampa pia mhusika haki ya kuzifahamu taarifa zake zilizoshikiliwa na taasisi na kutaka zenye makosa zirekebishwe. Soma zote mbili, siyo moja.

Sasa nije nyumbani, kwetu sisi wa ualimu, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kozi yetu ya kompyuta tumeisoma. Tumekariri Charles Babbage na mashine yake. Tumekariri vizazi vya kompyuta kama koo za manabii. Naweza kukutajia sasa hivi, hata ukiniamsha usiku, kwamba VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo, ilitoka mwaka 1979. Na darasa zima hakuna siku tuliyowekewa folda ya mafaili 200 tukaambiwa: haya, mtafuteni mwanafunzi huyu. Hata siku moja!

Halafu kesho kutwa sisi ndio walimu. Utapangiwa shule, na kwa sababu wewe ni kijana na "unajua kompyuta", mwalimu wa taaluma atakukabidhi mashine moja yenye alama za kidato cha kwanza mpaka cha nne, kila somo faili lake, kila mkondo shiti yake, miaka sita nyuma. Atakuja mzazi ametembea toka kijijini, kashika bahasha, anaulizia alama za mwanae aliyehama. Wewe utafungua matatu, macho yatauma, utasema neno gani? Litakutoka lile lile ulilolichukia dirishani. Ugonjwa huu unarithishwa hivyo, wadau. Anayelalamika leo ndiye atakayekuwa dirishani kesho.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu, na naomba viongozi wetu wa wanafunzi wayabebe, badala ya kutuletea bonanza kila mwezi.

Moja. Jibu la "halipo" lisikubalike peke yake. Anayelitoa aseme ametafuta folda ipi, mafaili mangapi, kwa neno gani. Kama hawezi kuyasema hayo, basi jibu sahihi ni "bado sijaliona", na kazi inaendelea.

Mbili. Mafaili yawe na utaratibu. Folda moja kwa mwaka, jina la faili lianze na mwaka, semista na kodi ya kozi, namba ya usajili iwe kwenye safu yake kama maandishi. Akina "final final 2" wafukuzwe. Hili halihitaji bajeti wala mfadhili, linahitaji memo ya ukurasa mmoja.

Tatu. Kwenye kozi yetu ya kompyuta, saa mbili za Babbage zigeuzwe kuwa saa mbili za kutafuta. Mafaili mia mbili, majina kumi, matatu yamekosewa tahajia, moja limo kwenye shiti ya nne. Atakayeyapata yote apewe alama. Atakayesema halipo arudie.

Na wewe unayesoma, kabla hujaenda dirishani andika namba yako ya usajili, kodi ya kozi, semista na tarehe ya test kwenye karatasi. Namna zote jina lako linavyoandikwa, ziandike pia. Sema kwa upole: "Mama, samahani, naomba tutafute kwa namba, na kwenye folda yote." Hatugombani na mtu, tunagombana na neno.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Sijui nani alitufundisha kuchoka kwenye faili la tatu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye stori yake ya "halipo" ailete, ila majina ya watu tafadhali muyaache nyumbani. Nawahi kipindi, tuonane.